Kurudi na Kuwarudi: Kitenzi Kimoja cha Kiswahili mbele ya Shujaa Mzee

1. Utangulizi

Mwaka 1986 kampuni ya Marekani iitwayo DC Comics ilichapisha hadithi ya katuni katika vitabu vinne vyembamba. Mtunzi na mchoraji wake alikuwa Frank Miller. Klaus Janson alitia wino na Lynn Varley alitia rangi. Mhusika mkuu ni Batman, ambaye Bob Kane na Bill Finger walimbuni mwaka 1939. Kwa karibu nusu karne Batman huyo alipigana kila mwezi bila kuzeeka. Miller alifanya jambo moja ambalo wengi kabla yake hawakulithubutu: alimpa umri. Shujaa wake ana miaka 55, ameacha kazi kwa miaka kumi, na jiji lake, Gotham, limeoza.

Leo vitabu hivyo vinne vinajulikana kwa jina moja, The Dark Knight Returns. Lakini mwanzoni hilo lilikuwa jina la kitabu cha kwanza tu. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaeleza majina ya sehemu zote nne hivi: shujaa wa giza anarudi, anashinda, anasakwa, anaanguka. Kitenzi cha kwanza ndicho kilichobaki juu ya jalada.

Makala haya hayakusudii kutafsiri kitabu wala kukisifu. Yanachukua kitenzi hicho kimoja, yanakipitisha katika Kiswahili, kisha yanauliza: Kiswahili kinatuonyesha nini ambacho Kiingereza hakikukisema? Hoja yetu ni kwamba kitenzi -rudi kina maana tatu, na kwamba maana hizo zinamuuliza shujaa huyu swali zito kuliko lile la maadui zake: baada ya kurudi, unawafanyia nini watoto uliowakuta?

2. Kisa kwa ufupi

Kwa msomaji ambaye hajakisoma kitabu, haya ndiyo mambo ya kushika. Bruce Wayne, tajiri aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa akiwa mtoto, aliacha kuvaa vazi la Batman. Kijana aliyekuwa msaidizi wake, Jason Todd, alikufa. Gotham imekamatwa na genge la vijana liitwalo Mutants, ambalo linaua bila hata kutafuta mali. Kamishna wa polisi, James Gordon, ana miaka 70 na anastaafu. Ellen Yindel anashika nafasi yake.

Usiku mmoja wa mvua kubwa Wayne analivaa tena vazi lake. Kwanza anapambana na Harvey Dent, adui wa zamani. Kisha anamkabili kiongozi wa Mutants, anashindwa, na anaokolewa na msichana wa miaka 13, Carrie Kelley, aliyejivika nguo za Robin bila kuombwa na mtu. Anarudi kupigana mara ya pili na kushinda. Kurudi kwake kunamwamsha Joker, aliyekuwa amenyamaza hospitalini kwa miaka. Mwishoni Superman, ambaye sasa anaitumikia serikali ya Marekani kimya kimya, anatumwa kumzuia. Kombora la nyuklia la Wasovieti limekwisha kulipuka, umeme umekatika na Gotham inawaka moto. Batman na Superman wanapigana, moyo wa Batman unasimama, anazikwa. Lakini kifo hicho ni cha kupangwa. Katika fremu za mwisho yuko hai chini ya ardhi, pangoni, pamoja na vijana anaowafundisha.

3. Maana tatu za -rudi

Kamusi za Kiswahili Sanifu zinatupa maana tatu tunazohitaji hapa. Tuzione katika sentensi:

(a) Baba amerudi.
(b) Shati limerudi baada ya kufuliwa.
(c) Baba amemrudi mtoto.

Katika (a) kitenzi kina maana ya kuja tena mahali ulipotoka. Katika (b) kina maana ya kunywea: shati lililokuwa la saizi ya mtu sasa linambana. Katika (c) kina maana ya kumkanya na kumwadhibu mtu ili atengenee. Asili ya neno ni Kiarabu, mzizi r-d-d, wenye maana ya kurudisha na kujibu.

Kisarufi, (a) na (b) ni matumizi yasiyo elekezi: kitendo hakimfikii mtu mwingine. Katika (c) kitenzi kinakuwa elekezi, na kiambishi cha yambwa -m- kinaingia kabla ya mzizi. Hakuna kunyambua: hatukuongeza kiambishi cha kusababisha kama katika -rudisha, wala cha kutendea kama katika -rudia. Mzizi ni uleule. Tofauti kati ya mtu anayerejea na mtu anayelea imebebwa na kiambishi kimoja cha yambwa.

Kiambishi hicho ndicho tutakachokifuata katika kitabu cha Miller.

4. Nguo iliyorudi: majina ya uzee

Tuanze na maana (b), ya kunywea. Kila mtu ndani ya kitabu ana maoni yake kuhusu mwili wa Batman, na kila mmoja anaupima kwa kipimo chake. Kiingereza kina neno moja la kawaida la uzee, nacho huongeza dharau au heshima kwa sauti na vivumishi. Kiswahili kinafanya kazi hiyo kwa ngeli. Shina -zee likiwa katika ngeli ya kwanza, tunapata mzee: neno la heshima. Likiingia katika ngeli ya ki-, tunapata kizee, neno linalodunisha. Katika Kiswahili chetu cha Kongo, ambapo udogo huonyeshwa sana kwa ka-/tu-, tungesema kazee. Na katika ngeli ya ji- tunapata jizee: zee kubwa, la kutisha.

Mtafsiri akikaa na kitabu hiki atalazimika kuchagua kila mara. Kwa Gordon, rafiki wa miaka mingi, Batman ni mzee mwenzake. Kwa kiongozi wa Mutants, anayemdharau mbele ya genge lake, ni kizee. Na mchoro wenyewe? Miller na Janson hawakumchora mtu aliyekonda. Walimchora mtu mpana kama mlango wa ghala, mwenye uso wa mikunjo na taya la mwamba. Huyo ni jizee. Hivyo katika ukurasa mmoja maneno yanaweza kusema kazee huku picha inasema jizee, na mvutano mwingi wa kitabu unatoka hapo.

Hapa msomaji wa Kongo ana jambo la kuongeza. Kwetu mzee si hesabu ya miaka peke yake. Laurent-Désiré Kabila aliitwa Mzee na watu wengi alipochukua madaraka Mei 1997; wakati huo alikuwa na miaka 57. Bruce Wayne wa Miller ana 55. Kwa umri wanakaribiana, lakini Gotham haina neno la kumpa Wayne cheo kwa sababu ya umri wake. Gotham inamwona mtu aliyechelewa kuondoka. Sisi tuna neno linalomkaribisha mtu wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo tunapaswa kuwa waangalifu zaidi. Jina la heshima linatolewa mara moja, lakini linadai malipo siku zote: anayeitwa mzee ana deni kwa wadogo.

5. Anarudi: kitenzi kisicho na yambwa

Sasa maana (a). Katika kitabu cha kwanza Wayne anarudi, na hapo ndipo sentensi inapokomea. Hakuna -wa-, hakuna -m-. Anarudi kwa sababu hawezi kuvumilia kutorudi. Kumbukumbu ya wazazi wake inamwamka anapoiona televisheni ikionyesha filamu ya Zorro, ile ambayo familia yake ilitoka kuitazama usiku wa mauaji. Anapolivaa vazi anajisikia kijana tena. Furaha ni yake, maumivu ni yake.

Miller analionyesha hilo kwa mbinu ya usimulizi. Badala ya viputo vya mawazo vilivyozoeleka katika katuni, alitumia visanduku vya maelezo katika nafsi ya kwanza, vyenye sentensi fupi zilizokatwa. Ni uzungumzi nafsia: Wayne anaongea na Wayne. Wahusika wengine nao wana visanduku vyao, na msomaji hujifunza kuwatambua kwa sauti zao.

Upande wa pili uko televisheni. Kurasa nyingi zimegawanywa katika fremu ndogo zenye umbo la skrini, na ndani yake watangazaji, wataalamu na wapita njia wanatoa maoni. Lana Lang anamtetea. Daktari Wolper, anayewatibu wahalifu, anamlaumu. Ukizitazama sentensi zao kwa jicho la sarufi, Batman yumo katika zote, lakini yumo kama yambwa: wanamjadili, wanamtetea, wanamlaumu, wanamwogopa. Jiji zima lina kiambishi -m-, na -m- hiyo ni yeye.

Basi tuna hali hii: mzee anatenda bila yambwa, na jiji linatenda juu yake. Hakuna anayezungumza na vijana. Mutants wanatajwa kila siku kwenye habari, lakini hakuna hata mtu mmoja kwenye skrini hizo anayewaelekezea neno. Wana misimu yao, ambayo Miller aliwabunia, na watu wazima hawajisumbui kuielewa.

Kisha linakuja pambano la kwanza na kiongozi wao. Batman anapigana kama kijana, nguvu kwa nguvu, na karibu afe. Ile maana (b) inamlipiza: mwili umerudi kama shati, haumtoshi tena. Anayemwokoa ni mtoto.

6. Anawarudi: kiambishi kinaingia

Pambano la pili ni tofauti. Linafanyika ndani ya matope, mbele ya genge zima. Batman hajitegemei kwa kasi; anayatumia matope kumfanya kijana awe mzito kama yeye, na anajua mahali pa kupiga. Lakini jambo kubwa si ushindi. Jambo kubwa ni kwamba alipanga vijana waone. Kwa mara ya kwanza kitendo chake kina yambwa: anapigana na mmoja ili awafikie wote.

Matokeo yake ni ya kutisha. Genge linavunjika, na baadhi ya vijana wanajipa jina jipya: Wana wa Batman. Wanaanza kuwashambulia wahalifu kwa ukatili ambao Batman mwenyewe haukubali. Wamechukua jina bila kuchukua sheria. Mwanaisimu anaweza kusema kwamba nomino imebadilika lakini kitenzi kimebaki: jana waliua wakiitwa Mutants, leo wanaua wakiitwa Wana.

Jambo hili si geni katika historia ya lugha za nchi yetu. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walitazama filamu za wapanda farasi wa Marekani, wakavaa kama wao na kujiita Bills, kutokana na jina la Buffalo Bill. Kutoka kwao tulipata lugha ya vijana iitwayo Indoubil. Jina hilo lilisafiri hadi mashariki: mwaka 1988 Goyvaerts alieleza Indoubil ya Bukavu kama lugha mseto yenye msingi wa Kiswahili. Yaani jina la shujaa wa skrini liliingia katika jina la lugha na likakaa. Na kati ya watu wazima wa Kinshasa alikuwapo padri Mbelgiji aliyefanya kazi miongoni mwa vijana hao, nao walimjua kama Père Buffalo. Jina lenyewe linatuambia mlango aliopitia. Hakuwasubiri waache jina lao ndipo azungumze nao.

Batman anafanya hivyo hivyo katika kitabu cha nne. Umeme ukiwa umekatika na moto umesambaa, Wana wa Batman wanajiandaa kushuka mjini na bunduki. Anawafuata, akiwa juu ya farasi. Anaishika bunduki na kuivunja mbele yao, akiwaeleza kwamba hiyo ni silaha ya adui na kwamba wao hawataitumia. Kisha anawaongoza kuzima moto na kutuliza watu. Hapa hatimaye tunaweza kusema kwa Kiswahili safi: anawarudi. Kitendo kimoja, mzizi uleule, lakini sasa kuna -wa-. Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Hawa walikuwa wameanza kukauka, na bado alijaribu.

7. Swali la kadogo

Tungeweza kuishia hapo, na makala yangekuwa mazuri kwa shujaa. Lakini kitenzi chenyewe hakituruhusu.

Carrie Kelley ana miaka 13. Alfred, mtumishi wa miaka mingi wa Wayne, anamkumbusha yaliyompata Jason. Jibu la Wayne, kwa ufupi, ni kwamba hatamsahau, kwamba alikuwa askari mwema, na kwamba vita vinaendelea. Neno la kulisimamia hapo ni askari. Wayne hasemi kwamba Jason alikuwa mtoto.

Msomaji wa Kiingereza anaweza kulipita neno hilo. Sisi hatuwezi. Kiswahili cha nchi hii kina jina la mtoto anayesimama vitani kando ya mzee: kadogo. Katika vita vya 1996 na 1997 ndivyo walivyoitwa watoto waliobeba silaha katika jeshi la AFDL. Tazameni jinsi neno lilivyoundwa: ka- ya udogo, ile ile ya katoto, na shina -dogo lenye maana hiyo hiyo. Ni udogo juu ya udogo, neno la kubembeleza. Mama angeweza kumwita mwanawe hivyo. Lugha ilitoa neno la nyumbani, na neno hilo likapelekwa vitani pamoja na mtoto. Leo ni vigumu kulisikia bila kuiona bunduki.

Basi tumuulize mzee wa Miller swali la sarufi. Tukiweka -wa- mbele ya mzizi, mzizi ni upi? Anawarudi, au anawatumia? Viambishi ni vilevile, na kwa mbali sentensi mbili hizo zinafanana: mzee mbele, vijana nyuma, adui mbele yao. Kitabu kinatoa ushahidi wa pande zote mbili. Bunduki iliyovunjwa iko upande wa -rudi. Jason Todd yuko upande wa -tumia. Carrie yuko katikati: hakuitwa, alikuja mwenyewe, lakini mtu mzima ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumrudisha nyumbani, naye hakumrudisha.

Kuna wanaosoma fremu za mwisho, zile za pangoni, kama ushindi wa malezi: mzee ameacha vazi, ameacha umaarufu, amekuwa mwalimu. Usomaji huo una nguvu, kwa sababu Wayne anakubali kuonekana amekufa ili kazi iendelee bila jina lake. Lakini anachokijenga pale anakiita jeshi. Tofauti kati ya shule na jeshi haipo katika ukimya wa pango wala katika bidii ya mwalimu. Ipo katika jambo moja: je, mwanafunzi anaweza kuondoka? Miller hakulijibu. Alifunga kitabu kabla ya mtoto yeyote kuomba ruhusa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kitenzi -rudi kinakipanga kitabu hiki vizuri kuliko kitenzi cha Kiingereza kilicho juu ya jalada. Mwili unarudi kama nguo. Mtu anarudi kama msafiri. Mzee anawarudi vijana kama mzazi. Kitabu cha kwanza kinajua maana mbili za mwanzo tu. Cha pili kinaanza kuitafuta ya tatu, na cha nne kinaifikia, ingawa kwa mkono wenye mashaka.

Faida ya zoezi hili kwa wanafunzi wa lugha za Kiafrika ni hii: kutafsiri si kutafuta neno lililo sawa tu. Wakati mwingine neno letu lina maana zaidi ya lile la mwanzo, na ziada hiyo inakuwa chombo cha uhakiki. Kiingereza kilitangaza kwamba shujaa amerejea. Kiswahili kinauliza amemrudi nani, na namna gani. Katika nchi iliyowahi kuwaona wazee wakirejea na watoto wakiwafuata, kiambishi hicho kidogo hakipaswi kuachwa wazi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tungeni sentensi tatu zenye -rudi, moja kwa kila maana iliyotajwa, kisha jaribuni kuziweka katika kauli ya kutendwa. Ni sentensi ipi inayokubali, na kwa nini?

2. Carrie akizungumza na Wayne kwa Kiswahili cha mji wenu, angemwita nani: mzee, papa, bwana, au jina lake? Elezeni jinsi kila chaguo linavyobadilisha uhusiano wao.

3. Tafuteni maneno mengine ya ngeli ya ka- katika Kiswahili cha Kongo ambayo yalianza kama maneno ya upole, kisha yakapata maana nzito. Ni mambo gani ya historia yaliyoyabadilisha?